Sikulipa Vocha, Nililipa Pesa

Machi 2020 nilikuwa karani katika ofisi ya wakala wa safari mjini Mombasa. Mama mmoja wa makamo akaingia na bahasha ya kaki kwapani. Alikuwa amelipia safari ya siku saba ya meli ya kitalii, yeye na binti zake wawili, kutoka Barcelona mwezi wa Mei. Kufikia hapo, kwa sababu ya korona, meli za kitalii hazikuwa zikienda popote. Nyingine zilikuwa baharini zikitafuta bandari itakayokubali kuzipokea. Nikamsomea barua pepe ya kampuni kwa ile sauti ya uchangamfu tuliyofundishwa: safari imefutwa, lakini mteja wetu mpendwa atapewa vocha yenye thamani ya asilimia 125 ya alicholipa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikulipa vocha. Nililipa pesa."

Nikadhani hajaelewa, nikaanza kumweleza upya. Asiyeelewa nilikuwa mimi.

Ikiwa nawe umefutiwa safari, na ujumbe wenye kitufe cha rangi nzuri umekukodolea macho kwenye simu ukikutaka "ukubali ofa", usibonyeze kwanza. Kaa chini.

Nani amefuta?

Kabla ya kuuliza utarudishiwa kiasi gani, uliza nani aliyefuta. Ukifuta wewe, unaangukia kwenye jedwali la makato: kadiri siku ya kuondoka inavyokaribia ndivyo kampuni inavyobaki na sehemu kubwa zaidi ya nauli, na siku za mwisho huambulii kitu. Ikifuta kampuni, jedwali hilo halikuhusu. Umelipia huduma, na aliyeiuza ameshindwa kuitoa.

Mwaka ule wa 2020 wengi waliitupa haki hii kwa hofu tu. Walifuta wenyewe, wakapewa vocha kama fadhila. Tarehe 13 Machi kampuni kubwa zikasimamisha safari kutoka bandari za Marekani, na kesho yake mamlaka ya afya ya nchi hiyo, CDC, ikatoa amri ya kuzuia meli kusafiri. Waliokuwa wametulia wakaanza kupewa nafasi ya kuchagua kati ya vocha na pesa. Abiria wawili wa meli moja, waliolipa nauli moja, wakawa na haki tofauti kwa sababu mmoja alituma barua pepe siku chache mapema.

Kwa hiyo ukisikia fununu za kimbunga, vita au injini mbovu, usiwe wa kwanza kusema "basi siendi." Piga simu uulize, lakini jihadhari na ulimi wako: upande wa pili kuna mtu anayeandika, na "sidhani kama nitasafiri" inaweza kuingizwa kwenye kompyuta kama "mteja amefuta". Jambo moja tu litakulazimisha kuamua mapema, nalo ni siku ya kumalizia malipo, ambayo kwa kampuni nyingi huwa kama miezi mitatu kabla ya kuondoka. Hapo pengine ni heri kuyaacha malipo ya awali yapotee kuliko kuongeza fungu kubwa juu yake kwa kampuni inayoyumba.

Tena, kubadilishiwa njia si kufutiwa. Karibu kila mkataba wa meli za kitalii unampa nahodha ruhusa ya kuruka bandari au kugeuza mkondo kwa ajili ya usalama. Meli ikiipita Zanzibar bila kutia nanga kwa sababu ya upepo, unachoweza kudai ni ada za bandari ile na matembezi ya nchi kavu uliyoyalipia, si nauli nzima. Lakini mwanzoni mwa 2024, mashambulizi kwenye Bahari ya Shamu yalipozidi, kampuni kadhaa zilifuta kabisa safari za kutoka upande wetu wa Bahari ya Hindi kwenda Ulaya kupitia Suez. Hiyo sasa ni kufutiwa, hata kama barua itasema "tumeboresha ratiba".

Wewe ndiye mkopeshaji

Watu wa pwani husema kukopa harusi, kulipa matanga. Vocha ni mkopo, na anayekopa si wewe. Kampuni ina pesa zako, inataka kuendelea kuzitumia, na inakuomba uikopeshe kwa mwaka au miaka miwili bila riba na bila dhamana. Ile asilimia 25 ya nyongeza ndiyo harusi yenyewe. Ukiitazama vocha hivyo, maswali ya kuuliza yanakuja yenyewe, kwa sababu kila mtu aliyewahi kumkopesha shemeji anayajua.

Unalipwa lini? Soma tarehe ya mwisho kwa makini: ni ya kuweka nafasi, au ya kusafiri? Ni vitu viwili mbalimbali. Aliyepewa vocha Machi 2020 ya kutumika ndani ya mwaka mmoja alidhani ana muda tele. Meli kubwa hazikurudi kuondoka bandari za Marekani na abiria mpaka Juni 2021, na vocha nyingi zingekuwa zimekufa kama kampuni zenyewe hazingesogeza tarehe. Zilisogeza kwa hiari yao, na ambaye kampuni yake haikusogeza hakuwa na wa kumlilia.

Unalipwa kwa sarafu gani? Sina maana ya dola au euro. Chukua mtu aliyelipa dola 4,000, akapewa vocha ya 5,000. Anafungua ratiba mpya na kukuta chumba kilekile sasa ni 4,900. Karibu nyongeza yote imeliwa na bei kabla hajaigusa. Halafu anagundua kwamba vocha inalipa nauli tu, si kodi, si ada za bandari, si bahashishi za wahudumu, si kifurushi cha vinywaji, kwa hiyo inabidi atoe mfukoni tena. Akichagua safari ya dola 3,500, huenda kilichobaki kinapotea. Na akighairi hiyo safari mpya, mara nyingi zile 1,000 za nyongeza zinafutika palepale. Uliza pia kama unaweza kumpa mtu mwingine, na kama ukifa warithi wako wataipata. Si uchuro, safari hizi hulipiwa sana na wazee.

Na mkopaji akifilisika? Hapa ndipo ninapokuwa mkali kuliko wenzangu wa zamani wa kazini. Cruise & Maritime Voyages ya Uingereza ilianguka Julai 2020. Januari 2022, baada ya kampuni yake mama, Genting Hong Kong, kuomba mfilisi, Crystal Cruises ilisimama, na meli zake mbili zikaishia kukamatwa huko Bahamas kwa madeni ya mafuta. Safari ya miaka mitatu iliyoitwa Life at Sea, iliyokuwa iondoke Istanbul tarehe 1 Novemba 2023, iliahirishwa mara kadhaa na kufutwa mwezi huohuo kwa sababu waandaaji hawakufanikiwa kuinunua meli waliyokuwa wakiitangaza. Abiria, ambao wengine walikuwa wamepangisha nyumba zao na kufungasha, waliahidiwa pesa zao kwa awamu. Swali la kuiuliza kampuni ni hili, kwa maandishi: mkianguka, ni nani anayelipa vocha hii? Kama pesa yako ililindwa na bima au dhamana ya serikali, je, vocha nayo imelindwa? Jibu likiwa la kuzunguka, umejibiwa.

Sisemi vocha ni haramu. Kama ulikuwa utasafiri tu mwaka ujao, kampuni ni imara, tarehe ni ndefu, na imeandikwa kwamba usipoitumia utarudishiwa pesa, ichukue na nyongeza yake. Hilo sharti la mwisho ndilo ninalolitazama kwanza. Bila hilo, ningechukua pesa, hata ikija polepole.

Vocha bila viza

Kuna jambo ambalo miongozo ya Wazungu hailigusi, kwa sababu wao haliwahusu. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Kongo hawezi kuichukua vocha ya Barcelona akapanda ndege wiki ijayo. Viza ya Schengen hutolewa kwa tarehe za safari uliyoiombea. Safari ikifutwa, viza inakufa na tarehe zake, na ada haimrudii mtu. Tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima. Safari mpya ni maombi mapya: taarifa za benki, barua ya mwajiri, bima, miadi ubalozini ambayo yenyewe huweza kukaa miezi. Na kama meli inaondoka Barcelona, inapita Tunisia, kisha inarudi Ulaya, unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Ukinyimwa, vocha yako ni karatasi.

Ndiyo maana kwa msomaji anayeishi Afrika Mashariki, thamani halisi ya vocha iko chini ya ile iliyoandikwa. Ukiwa unabishana na kampuni, waambie hivyo: andika kwamba huna uhakika wa kupewa viza tena kabla ya tarehe ya mwisho, na kwa hiyo mbadala waliokupa haukufai. Ni hoja ya kweli, na maofisa wa huduma kwa wateja hawajaizoea, jambo ambalo nalo lina faida yake.

Sheria inatazama ulinunulia wapi

Huko Ulaya, safari ya meli ya kitalii huhesabiwa kuwa safari ya kifurushi, na Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2015/2302 linasema muuzaji akifuta lazima arudishe malipo yote ndani ya siku 14. Uingereza ina kanuni zake za 2018 zenye muda huohuo. Wakati wa korona serikali kadhaa zilijaribu kulegeza. Ufaransa ilitoa amri tarehe 25 Machi 2020 ikiwaruhusu wauzaji kutoa vocha ya miezi 18 badala ya pesa. Shirika la watumiaji la UFC-Que Choisir likaipeleka mahakamani, na tarehe 8 Juni 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba neno "kurudisha" katika agizo lile lina maana ya pesa. Vocha ni halali pale tu msafiri anapoikubali kwa hiari yake. Mama wa bahasha ya kaki alikuwa amesema jambo hilohilo miaka mitatu kabla, bila wakili.

Marekani mambo ni tofauti. Watu huchanganya meli na ndege, wakidhani kanuni za wizara ya uchukuzi kuhusu tiketi za ndege zinawahusu. Meli za abiria zenye vitanda 50 au zaidi zinazopakia abiria katika bandari za Marekani zinasimamiwa na Tume ya Shirikisho ya Bahari, FMC, ambayo huzitaka ziweke dhamana ya fedha kwa ajili ya safari zisizofanyika. Tangu 2022 kanuni zake zinasema wazi kwamba kufuta safari, au kuichelewesha kwa siku tatu au zaidi, ni kushindwa kuitoa, na abiria asiyetaka mbadala ana haki ya kurudishiwa.

Lakini soma mkataba wa tiketi uone utashtakia wapi. Mwaka 1991, katika kesi ya Carnival Cruise Lines dhidi ya Shute, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kifungu kilichochapwa kwenye tiketi kilichowataka abiria wa jimbo la Washington waende kushtaki Florida, upande wa pili wa nchi. Tangu hapo hakuna kampuni isiyopenda kifungu hicho. Wengine hukutaka uende kwa msuluhishi badala ya mahakama, na karibu wote hukupa muda mfupi wa kuleta madai. Hata ukiwa Kisauni, Mombasa, kifungu hicho umekisaini kwa kubonyeza "nakubali".

Kama ulinunua kwa wakala wa Kenya, una njia ya karibu zaidi. Kifungu cha 46 cha Katiba na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 vipo upande wako, mawakala wanapewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja bila kukulazimisha uwe na wakili. Mshtakiwa hapo ni yule aliyepokea pesa zako na kukupa risiti, si lazima meli iliyoko Miami.

Siri ya upande wa pili wa meza

Hapa nitakiri. Katika ofisi yetu tulikuwa tumeshapokea kamisheni ya safari zile, na tulikuwa tumeshaitumia. Mishahara ya Februari ilitoka humo. Mteja akirudishiwa pesa, kampuni inatudai kamisheni. Mteja akichukua vocha, kamisheni inabaki. Hakuna aliyetuambia tuwadanganye watu, na sikumbuki kumdanganya mtu. Tulisoma tu ile habari ya vocha kwa furaha na ile ya pesa kwa kunong'ona. Ukizungumza na wakala wako, kumbuka naye ana lake katika jibu utakalotoa.

Muulize mambo matatu. Pesa zangu ziko kwako au zimeshafika kwa kampuni, na lini? Nionyeshe uthibitisho wa kampuni wenye jina langu na namba ya nafasi. Nitumie masharti ya kampuni yenyewe, si muhtasari wako. La mwisho ndilo lililomwokoa mama. Katika masharti, ukurasa ambao sikuwahi kuufikia, palikuwa na kifungu kwamba kampuni ikifuta, abiria anachagua kati ya safari nyingine na kurudishiwa alicholipa. Vocha haikutajwa popote.

Daftari, kisha benki

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kusanya kila kitu siku hiyohiyo: uthibitisho wa nafasi, masharti kama yalivyokuwa siku uliyolipa, risiti, ujumbe wa kufuta, na picha za skrini za ukurasa wowote unaoweza kubadilishwa kesho. Ukiongea kwa simu, maliza kwa kutuma barua pepe: "Kama tulivyozungumza leo saa nne asubuhi, mmesema..."

Barua ya kudai iwe fupi, katika lugha ya mkataba, na isiwe na hasira wala historia ya familia. Iwe na namba ya nafasi, tarehe ambayo kampuni ilifuta, kiasi kamili, sentensi moja inayosema "Sikubali vocha, nataka nirudishiwe kwa njia ileile niliyolipia", na tarehe unayosubiri jibu. Itume kabla ya siku waliyoiweka kwenye ofa yao, kwa sababu barua nyingi zina mtego mdogo chini: usipojibu kufikia siku fulani, unahesabiwa umekubali vocha.

Siku yako ikipita bila jibu, nenda kwa aliyetoa kadi. Kwa kadi ya mkopo ya Uingereza, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974 humfanya mtoaji awajibike pamoja na muuzaji kwa kitu cha bei ya zaidi ya pauni 100 na kisichozidi 30,000, ingawa kulipa kupitia wakala kunaweza kuukata mnyororo huo. Marekani, sheria ya kadi ya 1974 inakutaka uandike ndani ya siku 60 tangu taarifa yenye malipo hayo itumwe, na mitandao ya kadi ina utaratibu wake wenye muda mrefu zaidi, hata kwa kadi za kawaida za benki. Kila mlango una saa yake, kwa hiyo usikae miezi sita ukisubiri "timu yetu inalishughulikia". Na jambo moja liliwaumiza wengi: ukishabonyeza kukubali vocha, kampuni itaionyesha benki ile alama ya kukubali, na benki itakurudishia jibu la hapana.

Uliyelipa kwa M-Pesa huna mlango huo. Kurudisha muamala ni kwa aliyekosea namba, si kwa aliyefutiwa meli. Kwako wewe risiti ya wakala ndiyo kila kitu. Isome uone imeandikwa jina la ofisi au la mtu binafsi.

Usisahau vipande vidogo. Kodi na ada za bandari ambazo meli haikuzifikia zinarudi hata pale nauli inapogombaniwa. Matembezi, intaneti na vinywaji vilivyolipiwa mapema vina mstari wao kwenye hesabu, na hupotea kwa sababu hakuna aliyevitaja. Tiketi ya ndege uliyoinunua mwenyewe ni kesi ya shirika la ndege, si ya meli; ile iliyouzwa ndani ya kifurushi ni ya muuzaji wa kifurushi. Bima ya safari nayo itakuuliza kwanza umepata nini kutoka kwa kampuni, kwa hiyo ipelekee majibu ya maandishi, hata ya kukataliwa.

Pesa za mama zilirudi Oktoba, miezi saba baada ya siku ile. Aliniita nimsaidie kusoma taarifa ya benki, maana miwani alikuwa ameisahau. Akahesabu kwa kalamu nyuma ya bahasha ileile ya kaki, akanionyesha tofauti ya dola kumi na nane. Nikamwambia ni ada ya benki iliyotuma. Akaomba risiti yake.